Niliandika "hakuna mtu", na mzee alikuwa pale pale

Mjomba, shikamoo.

Nina miaka 34, mke na mtoto mmoja. Mwaka wa tano huu niko kwenye kikundi cha kujitolea cha kutafuta waliopotea na kuokoa watu kwenye maafa. Hatulipwi. Tunapigiwa simu, tunaacha tulichokuwa tunafanya, tunakwenda. Nimeshafukua kifusi kwa mikono. Nimeshabeba mtoto wa miaka mitatu aliyelala chini ya mti usiku kucha, sisi tukipita karibu naye tunaita jina lake, naye kanyamaza kimya kwa woga. Kwa hiyo mimi si mgeni wa kazi hii, na ndiyo maana hili linanitesa zaidi.

Miezi miwili iliyopita tuliitwa kumtafuta mzee wa miaka 78 mwenye ugonjwa wa kusahau. Alitoka nyumbani alfajiri, kavaa koti na kandambili, hakurudi. Familia ilichelewa kutuita kwa sababu kuna mtu aliwaambia ni lazima zipite saa 24 ndipo uripoti. Msako ulianza kesho yake. Kiongozi aligawa ramani vipande, mimi na mwenzangu tukapewa kipande namba 7, bonde lenye korongo katikati. Siku hiyo nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kazini, sikulala hata dakika. Sikumwambia mtu. Nilidhani nikisema nitaachwa kambini kupanga chupa za maji.

Saa kumi na moja jioni nilifika kwenye kichaka cha miiba, kipana kama vyumba viwili. Mwenzangu alikuwa ng'ambo ya korongo. Mkono wa shati langu ulikuwa umeshachanika, na kiganja kinatoka damu. Nikasimama, nikaita "Mzee!" mara tatu. Kimya. Nikainama nikamulika tochi, nikaona majani tu. Nikajisemea moyoni kwamba mtu wa miaka 78 mwenye kandambili hawezi kuingia humu. Nikakizunguka kichaka nikaendelea. Kambini nikaandika kwenye fomu kwa penseli: "Kipande 7 kimekamilika. Hakuna mtu." Nikatia sahihi.

Siku ya tano mbwa wa kikosi kingine alimpata ndani ya kichaka kile kile, amejikunja, kandambili moja mguuni. Alikuwa ameshafariki. Kutoka pale niliposimama nikaita hadi alipokuwa ni kama hatua sita. Najua, kwa sababu nilikwenda kuzihesabu.

Hakuna aliyeniuliza. Kwenye kikao cha tathmini kiongozi alisoma fomu moja moja, akafika namba 7, akanyamaza kidogo, akaenda namba 8. Baadaye akaniambia tu, "Wewe pumzika mwezi huu." Anayejua yote ni mke wangu. Yeye anasema niache kikundi kabisa na nifunge mdomo, kwamba watu wameshazika na mimi nataka kuwafukulia.

Sasa mtoto wa marehemu, kijana wa rika langu, baada ya mazishi alikuja kutushukuru mmoja mmoja. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Wiki iliyopita amejiandikisha kwenye kikundi, na kiongozi kampanga timu yangu. Mafunzo yanaanza baada ya wiki tatu, na kwenye mafunzo huwa tunapitia misako ya nyuma, fomu na ramani zote mezani.

Mjomba, nimwambie? Niache kikundi? Na niambie ukweli: nilimuua yule mzee?

Mimi, Nisiyelala.

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kabla sijakujibu ujue anayekujibu ni nani. Goti langu halikuwahi kuniruhusu kwenda porini, lakini nilikaa miaka 11 kwenye meza ya kumbukumbu ya kikundi kama chenu. Mimi ndiye niliyekuwa naandika nani katoka saa ngapi, karudi saa ngapi, kapita wapi. Fomu za penseli, kwa sababu wino huloa, zimepita mikononi mwangu kwa mamia. Neno "hakuna mtu" nimelisoma mara nyingi kuliko jina langu.

Nianze na swali lako la mwisho, maana hayo mengine yanalining'inia hilo. Hapana, hukumuua. Na sikubembelezi. Wewe hujui kama saa kumi na moja ile mzee alikuwemo kichakani. Mgonjwa wa kusahau hatulii mahali kama mtu aliyevunjika mguu. Anaweza kuwa alikuwa juu ya korongo wakati wewe uko chini, akateremka usiku, akaingia kwenye kichaka ambacho taa yako ilikuwa imeshakimulika. Inawezekana pia alikuwemo. Huwezi kujua, na itakubidi uishi na kutojua huko. Naona umeamua kuchagua hatia kwa sababu angalau hatia ina jibu.

Sasa tuje kwenye kichaka chenyewe. Ulijisemea kwamba mzee wa miaka 78 hawezi kuingia humo. Mwenye akili timamu hawezi, kwa sababu akiona miiba anageuka. Mgonjwa wa kusahau mara nyingi huenda mbele tu, akikutana na kizuizi hasukumwi na wazo la kurudi alikotoka. Anaingia, ananasa, anakaa. Ndiyo maana watafutaji wazoefu, wakisikia aliyepotea ana ugonjwa huo, vichaka, mitaro na mabwawa yaliyo karibu na alipoonekana mwisho huvipa nafasi ya kwanza, hata vile ambavyo mtu mzima hawezi kuvitamani.

Halafu ukaita mara tatu, pakawa kimya, ukahesabu kimya kile kama jibu. Mpwa wangu, wewe ndiye uliyembeba yule mtoto aliyewasikia usiku kucha akanyamaza! Watoto hunyamaza kwa sababu wamefundishwa wasiongee na wasiowajua. Mgonjwa wa kusahau hunyamaza kwa sababu hajui kwamba amepotea, au hajui kwamba "Mzee" ni yeye. Aliyeumia hunyamaza kwa sababu hana pumzi. Kuita kunasaidia, na kupiga filimbi wote kwa pamoja kisha kusimama kimya dakika nzima kunasaidia zaidi, ila kwa yule anayeweza na anayetaka kujibu. Kwa wengine ni lazima jicho limfikie, au pua ya mbwa.

Nakwambia hivi kwa sababu kama mwanzoni mlielezwa tabia ya mtu mnayemtafuta, basi ulikosea wewe. Kama mliambiwa tu "mzee, koti, kandambili", mkapewa ramani na kuambiwa nendeni, kosa hilo lina wenyewe wengi, na lina haki ya kusemwa kikaoni.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kila anayejitolea alijue kabla hajapewa filimbi. Hesabu ya kutafuta ilianzia baharini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwanahisabati Bernard Koopman na wenzake katika Jeshi la Majini la Marekani walitakiwa kujibu swali la nyambizi: ndege ikishapita juu ya eneo bila kuona kitu, tuna uhakika kiasi gani kwamba chini hakuna kitu? Jibu lao ndilo linalotumika leo kwenye misitu na milima. Kupita mahali hakukupi "ndiyo" au "hapana". Kunakupa asilimia. Tuseme kwenye bonde lile, kwa umbali mliotembea baina yenu na kwa mwanga wa jioni, nafasi ya kumwona mtu aliyejikunja ilikuwa asilimia 60. Mkipita wengine mara ya pili, nafasi kwamba mmoja wenu atamwona inafika 84. Mara ya tatu, karibu 94. Mia haifiki. Kwa hiyo kipande hakifungwi. Kinapewa alama, na chenye alama ndogo kinarudiwa.

Sasa rudi kwenye fomu yako. "Kimekamilika. Hakuna mtu." Ungeandika hivi: "Tumepita mara moja, watu wawili, jioni. Kichaka cha miiba kusini mwa korongo sikuingia, nilimulika kutoka nje. Nimechoka, uoni hafifu." Mtu wa meza kama mimi angesoma hapo, angezungushia mduara, na kesho yake alfajiri wangekwenda watu wenye mapanga na glavu, au mbwa. Hilo ndilo lilipotea, mpwa wangu. Kutoingia kichakani peke yako, giza linaingia, kiganja kinatoka damu, mwenzako yuko ng'ambo, pengine hata ulifanya sawa. Mtafutaji hatakiwi kuwa mtu wa pili wa kutafutwa. Kosa lako liko kwenye penseli.

Na kabla ya penseli, kwenye usingizi. Ulitoka zamu ya usiku ukaingia porini, ukaficha kwa kuogopa kuachwa na chupa za maji. Nakujua, nimewaona wengi wa namna yako, na niseme wazi kwamba walikuwa wakinichosha kuliko wavivu. Mvivu anajulikana, anapangiwa kazi ya uvivu. Mwenye moyo anayeficha uchovu anakuletea fomu iliyotiwa sahihi. Tetemeko la Mexico City la tarehe 19 Septemba 1985 liliwatoa watu wa kawaida majumbani kwenda kufukua majirani kwa mikono. Takwimu ambazo vikundi vya kujitolea hufundishiwa mpaka leo ni kwamba watu hao wasio na mafunzo waliokoa kama watu 800, na kama 100 kati ya waokoaji wenyewe walikufa. Zile taratibu mnazoziona za kuudhi, kusaini kutoka na kuingia, kwenda wawili wawili, kuulizwa umelala saa ngapi, zinatokana na hesabu za namna hiyo.

Basi ufanye nini. Anza na kiongozi wako, na usingoje wiki tatu. Mwombe muda, mkae wawili, umweleze kama ulivyonieleza mimi: usingizi, kichaka, tochi, ulichoandika. Kisha mpe maelezo hayo kwenye karatasi, na tarehe ya leo. Fomu ya zamani usiiguse hata herufi moja. Pelekeni maelezo yakae pembeni yake.

Nakuahidi hatashtuka. Sijui kama siku ile mlikuwa na kifaa cha jipiesi (GPS), kile kinachochora njia unayopita, lakini vikundi vingi siku hizi humpa mtafutaji, na mstari wake hubaki kwenye kompyuta. Kama mlikuwa nacho, kiongozi wako ameshauona mstari ukifika kichakani, ukisimama, ukikunja kona kukizunguka. Na hata bila kifaa, yule mtu alisoma namba 7 akanyamaza, kisha akakupa mwezi wa kupumzika. Sidhani kwamba hajui. Nadhani anasubiri umwambie, na hapo nina ugomvi naye kidogo, kwa sababu kiongozi hasubiri. Alitakiwa akuite siku ile ile, kabla hujaoga. Kikao cha tathmini kinachoruka fomu ngumu ni kikao cha chai.

Tena kumpanga kijana aliyefiwa miezi miwili iliyopita kwenye timu ya mtu aliyetafuta kipande alichofia baba yake, hapo alikosea kabisa. Mwambie hivyo, kwa adabu. Kijana apangwe kwingine, na faili la baba yake lisiwekwe mezani kwenye mafunzo yake. Kujitolea kwake usikupinge. Vikundi vingi vya uokoaji vimezaliwa na watu wenye maumivu yao. Wale Topos wa Mexico, jina lao maana yake fuko, walitokana na tetemeko lile lile la 1985, na mpaka leo wanasafiri nchi za watu kuingia kwenye vifusi. Ila kwa miezi ya mwanzo kijana huyo angefaa redioni au kwenye meza ya kumbukumbu. Kumpeleka haraka kwenye mwili wa mzee wa mtu mwingine ni kumwonea.

Sasa yeye mwenyewe. Mkeo anasema usiwafukulie waliokwisha kuzika, na ningekubaliana naye kama kijana angebaki kwao. Kuna ukweli ambao mtu hupeleka kwa wafiwa ili apumue yeye, akawaachia wao mzigo. Lakini kijana anakuja kukaa ubavuni kwenu. Atajifunza kusoma ramani. Ipo siku atafungua kabati, atakuta namba 7 na sahihi yako, na atakumbuka alivyokushika mkono kwa mikono miwili ukakaa kimya. Hapo hatakasirika kwa sababu ya kichaka. Atakasirika kwa sababu ya mkono.

Kwa hiyo mwambie, kabla mafunzo hayajaanza, na kiongozi wako awepo. Kiongozi awepo kwa sababu msako ulikuwa wa kikundi, na kuna maswali ambayo wewe hutaweza kuyajibu. Muulizeni kwanza kama anataka kusikia jinsi bonde lile lilivyotafutwa. Akisema hataki, au hataki sasa, mwacheni, mumwambie mlango uko wazi siku yoyote. Akitaka, sema kwa ufupi: "Kipande alichopatikana baba nilikipita mimi siku ya pili. Kichaka kile sikukiingia, nilikimulika kutoka nje. Nilikuwa sijalala, na kwenye fomu niliandika kwamba nimekamilisha. Nilikosea kuandika hivyo. Hatujui kama alikuwemo wakati ule." Nyamaza hapo. Usieleze habari za shati na damu, huko ni kujitetea. Mwambie pole, mwambie ulikosea, lakini usimuulize kama amekusamehe. Ukimuuliza umempa kazi, naye hajaomba kazi. Akikufokea, kaa. Akiondoka, mwache aondoke, kiongozi amfuate.

Na ikitokea polisi au yeyote mwenye mamlaka anauliza kuhusu msako ule, maelezo ni hayo hayo, neno kwa neno.

Kuhusu kuacha kikundi, mwezi huu usiamue. Toa jina lako kwenye orodha ya kuitwa kwa muda, mwambie mkeo umelitoa, na umaanishe. Yeye amekuona usiku kwa miezi miwili, mimi nimeona barua moja tu, kwa hiyo neno lake lina uzito kuliko langu. Hilo la kutolala linipe nafasi ya kukukaripia. Umejiita Nisiyelala kana kwamba ni cheo. Miezi miwili ya kukesha, ukirudi kichakani kuhesabu hatua, ni jambo la kumwona daktari au mshauri wa kisaikolojia, na waokoaji wanaolipwa huwaona bila aibu. Nenda wiki hii. Kama baada ya hapo utataka kurudi kikundini, nawatakia heri, maana mtu aliyewahi kuandika "hakuna mtu" akakosea huwa anaandika fomu nzuri sana baadaye. Kama hutataka, miaka mitano uliyotoa haifutiki.

Niwageukie kidogo wasomaji wengine, maana kuna kitu kwenye barua hii kimenikera. Hakuna sheria ya kungoja saa 24. Mzee mgonjwa, mtoto, mtu aliyekuwa na mawazo mazito akiondoka na asijulikane alipo, mnaripoti saa hiyo hiyo, hata kama ataonekana baada ya robo saa mkaona haya. Wakati mnangoja, tafuteni ndani kwanza: chini ya vitanda, kabatini, kwenye gari, stoo. Chumba chake msikisafishe, na nguo aliyoivaa mwisho msiifue wala kuishikashika. Mbwa atahitaji harufu yake, siyo ya sabuni.

Mpwa wangu, ukishaonana na kiongozi niandikie, hata mistari miwili. Nataka kujua alisema nini kuhusu namba 7.

Mjomba.